Miaka 67 Karema

Hadi 1969 Jimbo Katoliki la Sumbawanga liliitwa Karema, kwa jina la misheni iliyo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mbali na baridi ya nyanda za juu za Ufipa. Karema ndiko alikofariki Adrian Atiman mwaka 1956, tabibu na katekista aliyetibu watu kwa miaka 67. Siku hizi mashirika ya misaada huandaa semina za ustahimilivu wa kisaikolojia kwa wafanyakazi wao. Atiman hakupata semina, ilhali alikuwa na kila sababu ya kuihitaji.

Alizaliwa karibu na Timbuktu miaka ya 1860. Akatekwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa Algeria na Mapadri Weupe. Mwaka 1881 Askofu Mkuu Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la mapadri hao, alifungua chuo Malta cha kuwafundisha utabibu vijana wa namna hiyo. Atiman akasomea huko, na 1889 akafika Karema. Boma la huko lilikuwa limejengwa na Wabelgiji 1879, mapadri wakalipokea 1885. Kandokando yake waliishi watu waliokombolewa utumwani. Wengi aliowatibu, basi, walikuwa wameonja alichokionja yeye.

Nini kilimshikilia? Imani, bila shaka. Mapadri wangelitaja hilo kwanza na wangekuwa sahihi. Mimi naona na mengine. Alioa Karema, mkewe Agnes Wansahira, na mwana wao Joseph akawa padri. Aliowatibu walikuwa pia majirani zake, watu wa kusali naye Jumapili na kuzika naye. Na uzeeni aliyaandika maisha yake, utekaji ukiwemo. Yakachapishwa 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Neno la kitaalamu la majeraha ya akili yanayoachwa na mambo kama hayo liliingizwa rasmi na madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, yeye akiwa kaburini miaka 24.

Tusimgeuze kuwa dawa, hata hivyo. Mwajiri mjanja anaweza kuishika habari hii na kusema: mbona Atiman alivumilia bila likizo?

Na wanaotibu majirani zao kama yeye wapo hata leo. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa Wakongo waliokimbia kutoka ng'ambo ya ziwa lile lile. Wafanyakazi wa kigeni wa kambi za aina hii huwa na zamu za mapumziko, na mkataba unaokwisha. Lakini kazi nyingi za afya za kila siku hufanywa na wakimbizi wenyewe, kwa posho: kupima watoto, kutembelea wagonjwa nyumba kwa nyumba, kukalimani simulizi za mauaji wanazozijua hata kabla ya msimuliaji kumaliza. Jioni magari ya mashirika hutoka getini. Mkalimani hubaki, nyumba yake iko humo humo, ukuta kwa ukuta na aliyekuwa akimkalimania mchana.