Siku 60 za shamba la lazima

Wahitimu wenzangu, mwaka nilipopata lisansi yangu ya agronomia nilitumwa kijijini, upande wa Masisi, kuonyesha wakulima namna ya kuchimba mitaro ya kuzuia mvua isibebe udongo. Mzee mmoja akaniangalia, akauliza: "Kijana, na wewe umekuja na karatasi ya faini?" Watu wakacheka. Mimi sikuelewa kitu.

Nikaenda kusoma. Kumbe tarehe 20 Februari 1917 Wabelgiji walitoa dekreti iliyowapa watawala haki ya kumlazimisha mwanakijiji kulima mazao waliyochagua wao. Aliyeisukuma ni Edmond Leplae, mkurugenzi wa kilimo, ambaye alivutiwa na yale Waholanzi walifanya kule Java. Dekreti ya 5 Desemba 1933 ikaendeleza siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, zikapanda hadi 120. Hesabu mwenyewe: karibu theluthi moja ya mwaka! Usipolima, ni faini ao jela. Wa Uele na Maniema walilima pamba, na kila eneo lilikuwa na kampuni yake moja tu yenye ruhusa ya kununua. Yaani unalazimishwa kulima, halafu huwezi hata kutafuta mnunuzi mwingine.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba ile sheria iliita kazi hiyo mafundisho. Ati mtu anafundishwa kulima, yeye ambaye nyanya yake aliishi kwa jembe.

Na nani alipima mashamba, nani aliandika majina ya waliokosa? Agronomu na monitere wake. Mtu wa kazi yangu! Miaka yote niliyokaa auditorio, hakuna aliyetuambia hilo.

Hata mitaro ya milima yetu ya Kivu ilichimbwa kwa amri. Uhuru ulipofika 1960, sehemu nyingi watu waliiacha ijae udongo. Sisi tunafika leo na mradi, tunashangaa kwa nini wanakataa. Tunaandika kwenye ripoti: "wakulima hawajaelewa". Walielewa zamani.

Nilirudi kwa yule mzee bila daftari. Nikamuuliza maji yanapita wapi mvua ikinyesha. Akanizungusha shamba lote, akanionyesha pahali pawili ambapo mimi nisingepaona. Tukapanda msitari mmoja wa majani ya ng'ombe, pahali alipochagua yeye. Nikatoa simu nipige picha.

"Hiyo picha," akauliza, "inaenda kwa nani?"