RSV kwa watoto wachanga (Themi, Arusha)

RSV ni virusi vya njia ya hewa vinavyoongoza kwa kuwalaza watoto wachanga hospitalini. Viligunduliwa mwaka 1956 kwa sokwe wa maabara nchini Marekani, na mwaka uliofuata vikaonekana kwa watoto. Karibu kila mtoto huvipata kabla ya kutimiza miaka miwili, na wengi huishia kwenye mafua tu. Hata hivyo, makadirio ya dunia ya mwaka 2019 yanataja vifo 101,400 vya watoto wa chini ya miaka mitano. 45,700 kati yao walikuwa hawajatimiza miezi sita.

Huko Themi, kata ya jiji la Arusha yenye jina la mto uteremkao kutoka Mlima Meru, baridi ya Juni hadi Agosti ndiyo husingiziwa kuleta kifua cha mtoto. Baridi haizai virusi. Huwakusanya watu ndani, madirisha yakafungwa na jiko la mkaa likaingizwa chumbani, na moshi wake nao huyadhoofisha mapafu. Anayeleta virusi nyumbani mara nyingi ni kaka au dada anayesoma: hivyo ndivyo utafiti wa kaya uliofanyika Kilifi, Kenya, mwaka 2009 na 2010 ulivyoonyesha.

Hatari kubwa kuliko zote ni umri wenyewe. Vijirija vya mapafu ya mtoto wa miezi miwili ni vyembamba mno. Makamasi kidogo huviziba. Hali huwa mbaya zaidi kwa njiti, mwenye kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo, au mwenye utapiamlo. Lakini wengi wanaolazwa walizaliwa wametimia na wazima.

Mbavu zikibonyea ndani au mtoto akishindwa kunyonya, ni wa kukimbizwa hospitali, kwa mfano ile ya rufaa ya mkoa, Mount Meru. Wapo bado wanaompeleka kwa mkata kimeo. Kimeo hakihusiki kabisa, na kidonda chake kinaweza kuua. Tiba ni oksijeni na maji ya kutosha. Antibayotiki haziui virusi, ingawa hutolewa kwa sababu nimonia ya bakteria ni vigumu kuitenga kwa macho.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote kutumia chanjo ya mjamzito au sindano ya kingamwili kwa mtoto. Chanjo huhitaji takriban wiki mbili ili kinga ya mama imfikie mtoto tumboni, hivyo njiti anayewahi kuzaliwa huweza kuikosa. Sindano humfikia hata yeye.