Usawa wa Mahujaji na Mipaka Yake: Historia ya Hija ya Sabarimala, Kusini mwa India

Hekalu la Sabarimala limo juu ya kilima chenye msitu katika jimbo la Kerala. Huabudiwa humo Ayyappan, ambaye waumini humsadiki kuwa mseja wa milele. Hija hutanguliwa na nadhiri ya siku 41. Kwa muda huo hujaji huvaa nguo nyeusi au za buluu, hujiepusha na nyama, pombe na tendo la ndoa, na huitwa Swami, jina la heshima aitwalo Ayyappan mwenyewe. Hatimaye hupanda kilima akiwa na mzigo wa sadaka kichwani. Asiye na mzigo huo haruhusiwi kukanyaga ngazi 18 takatifu.

Nadhiri hiyo huwasawazisha tajiri na maskini. Mahujaji wengi hupitia pia katika msikiti wa Erumely, kumkumbuka Vavar, Mwislamu anayesimuliwa kuwa sahibu wa Ayyappan. Hata hivyo, wanawake wa umri wa miaka 10 hadi 50 walizuiwa kupanda, kwa hoja ya useja wa Ayyappan na ukale wa mila.

Hoja ya ukale inahitaji kupimwa. Mwaka 1936, tangazo la mfalme wa Travancore liliwafungulia Wahindu wa matabaka ya chini mahekalu yaliyosimamiwa na serikali, ingawa kuzuiwa kwao nako kulihesabiwa kuwa mila ya kale. Aidha, katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1991, Mahakama Kuu ya Kerala ilielezwa kwamba wanawake wa umri uliokatazwa walikuwa wakifika hekaluni katika sherehe za kuwalisha watoto wali kwa mara ya kwanza. Pamoja na hayo, iliamuru katazo lifuatwe. Desturi iliyokuwa na mianya ikawa amri isiyo na mwanya.

Tarehe 28 Septemba 2018, Mahakama ya Juu ya India ilibatilisha katazo kwa majaji 4 dhidi ya 1. Aliyepinga, Indu Malhotra, alikuwa mwanamke pekee katika jopo hilo. Miongoni mwa walioandamana kupinga hukumu walikuwamo wanawake wengi. Wanawake wawili walipoingia tarehe 2 Januari 2019, hekalu lilifungwa kwa muda ili litakaswe. Novemba 2019, maswali ya kisheria yalipelekwa mbele ya jopo kubwa zaidi.

Mfululizo huu unadhihirisha kwamba mila ya Sabarimala imepata sura yake kutokana na imani pamoja na maamuzi ya wenye mamlaka. Kwa hiyo, ukale wa katazo pekee hautoshi kumaliza mgogoro. Linalobaki ni nani mwenye haki ya kuitafsiri nadhiri inayowaita mahujaji wote kwa jina moja.