Aina za Maneno na Maana Zake Katika Historia ya Kiingereza

Mtu ajifunzaye Kiingereza hukutana mapema na shida moja: neno love ni jina, na neno hilo hilo ni kitendo, wala umbo lake halibadiliki. Haikuwa hivyo tangu asili. Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormandi hawajaitamalaki Uingereza mwaka 1066, jina lilikuwa lufu na kitendo kilikuwa lufian. Katika karne zilizofuata sauti za mwisho zilififia, kisha zikatoweka, na maneno hayo mawili yakawa na sura moja.

Wanazuoni walipoanza kuitungia lugha hiyo sarufi, waliazima kipimo cha Kilatini, lugha ambayo miisho ya maneno yake hutambulisha aina zake. William Bullokar, katika kijitabu chake cha mwaka 1586, alitaka kuthibitisha ya kuwa Kiingereza nacho kina kanuni. Akahesabu aina 8 za maneno, kama zilivyofundishwa katika Kilatini. Lindley Murray, mzaliwa wa Marekani aliyehamia Uingereza, alihesabu 9 katika sarufi yake ya mwaka 1795. Hesabu ilibadilika, lakini shida ya kulitambua neno lisilo na alama ilibaki pale pale.

Watunga kamusi nao waliipata shida hiyo. Robert Cawdrey, mwaka 1604, alikusanya maneno magumu yapatayo 2,500, akaeleza mengi kwa neno moja au machache tu, pasipo kutaja aina zake. Samuel Johnson alishika njia nyingine katika kamusi yake ya mwaka 1755. Alionyesha aina ya neno, akazitenga maana zake kwa nambari, na kuzitolea ushahidi kwa sentensi za waandishi. Neno take peke yake alilipa maana zaidi ya 100. Hapo ilidhihirika kwamba neno la Kiingereza hutambulikana kwa jirani zake katika sentensi.

Jambo hili lamhusu sana mfasiri wa Kiswahili. Lugha yake hutenganisha upendo na penda waziwazi. Kiingereza hakifanyi hivyo. Basi afunguaye kamusi kabla hajaisoma sentensi nzima aweza kupata neno lililo sahihi kitabuni, na likawa kosa katika tafsiri yake.