Dispensari ya Mizingani na Sadaka Zilizopita Ndani Yake

Ndugu msomaji, ukitoka Forodhani ya Unguja ukaifuata njia ya Mizingani, bahari ikiwa kushotoni kwako, utapita mbele ya Beit el Ajaib, kisha jumba la wafalme, kisha forodha ya zamani, mpaka ufike penye ule mti mkubwa ambao wenyeji wanauita Mtini. Endelea kidogo tu kuelekea bandarini utaliona jumba la ghorofa lenye roshani za mbao zilizochongwa kwa nakshi nyembamba kama kazi ya sindano, na vioo vya rangi vinavyowaka jua linapokuchwa. Mgeni akilitazama hudhani kuwa ni kasri ya mfalme fulani. Akiambiwa kuwa hapo, kwa zaidi ya nusu karne, ndipo walipokuwa wakija watu wanyonge kutazamwa homa zao na kufungwa vidonda vyao, hucheka. Simlaumu. Hata sisi wenyewe tuliozaliwa mjini humu wengi wetu twalijua kwa jina la "Dispensari" bila ya kujiuliza ni dispensari ya nani, na aliyeitoa aliitoa kwa nini.

Basi nimeona leo tukae pamoja tuitazame tarikhi ya jumba hili, kwani ndani yake mna mambo mawili ambayo siku hizi yanatushughulisha sana katika mitaa yetu, nayo ni kutoa sadaka na kuonyesha.

Mwenye kulianzisha ni Tharia Topan, Mhindi wa Kutch, Khoja wa madhehebu ya Ismailia, aliyefika Unguja angali kijana hana kitu. Aliingia katika kazi ya biashara chini ya wakubwa waliomtangulia, akapanda daraja kwa daraja mpaka akawa yeye mwenyewe ndiye mwenye kukodi ushuru wa forodha kwa Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 mpaka 1888. Kukodi ushuru maana yake ni kuwa mfanyabiashara humpa mfalme fedha maalumu kila mwaka, kisha yeye ndiye anayekusanya ushuru wa kila kinachoingia na kutoka, na ziada ni yake. Katika bandari iliyokuwa ikipitisha karafuu, pembe za ndovu na nguo za Marekani na za Bara Hindi, hiyo haikuwa kazi ndogo. Mwaka 1887 ulipotimia mwaka wa hamsini wa Malkia Victoria katika ufalme wake, Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la hospitali, iwe ndiyo kumbukumbu ya jubilii hiyo. Na mwaka 1890 Malkia alimpa cheo cha "Sir".

Hapa naona lazima tusimame kidogo. Msomaji mwenye kupima mambo atauliza: Fedha hizo zilitoka wapi? Na ni haki yake kuuliza, kwani sisi tumefundishwa kuwa Mwenyezi Mungu ni mwema wala hapokei ila kilicho chema. Tharia Topan ndiye aliyekuwa akimkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, huyo ambaye watu wanamjua zaidi kwa jina la Tippu Tip. Misafara ya Tippu Tip ilikwenda bara mpaka nchi ya Manyema na mto Kongo kutafuta pembe, na kila mwenye kusoma anajua kuwa katika misafara ile pembe na mtumwa vilikwenda njia moja. Mkataba wa kukataza biashara ya watumwa kwa bahari ulitiwa saini na Sayyid Barghash mwaka 1873, lakini bara mambo yaliendelea kwa miaka mingi baadaye. Mimi siwezi kukaa hapa nikagawa kila rupia ya marehemu yule, hii ya halali na hii ya haramu. Hesabu hiyo ina Mwenyewe. Lakini pia siwezi kukusifia nakshi za roshani nikakuficha mabega yaliyobeba pembe zilizolipia nakshi hizo. Mwenye kuandika tarikhi akificha upande mmoja, anauza nusu ya kitu kwa bei ya kitu kizima.

Tharia Topan hakuiona hospitali yake ikimalizika. Alifariki Bombay mwaka 1891. Mjane wake aliiendeleza kazi hata jengo likesha mwaka 1894. Mafundi wa nakshi walikuwa wametoka Bara Hindi, na mbao za msaji vilevile. Jumba likawa limesimama, zuri, linapigwa na upepo wa bahari, na hospitali iliyokusudiwa isiwe! Fedha za kujenga zilikuwapo, za kuendesha hazikupatikana.

Ndugu yangu, nakuomba usilipite jambo hili kwa haraka, kwani ni maradhi yetu mpaka leo. Ni misikiti mingapi unayoijua wewe iliyojengwa kwa marumaru, kisha baada ya miaka mitatu mabomba ya kutawadhia hayatoi maji? Ni vyuo vingapi vyenye ukumbi mpya hali ya kuwa mwalimu hajalipwa mshahara wa miezi miwili? Wazee wetu walilijua dawa yake, nayo ni wakfu. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar, na ilikuwa ndiyo mali aliyoipenda kuliko zote, alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kutaka shauri, akaelekezwa aizuie ardhi yenyewe isiuzwe wala isirithiwe, na mazao yake ndiyo yatolewe. Ndiyo maana katika Mji Mkongwe wa Unguja, na Mombasa, na Lamu, utakuta duka limewekwa wakfu kwa ajili ya mafuta ya taa ya msikiti, na minazi kadha kwa ajili ya mikeka yake, na nyumba kwa ajili ya jamaa na masikini. Aliyeweka wakfu wa namna hii alifikiri mambo ya kesho: taa itawashwa na nani mimi nikiwa kaburini?

Karibu mwaka 1900 jumba la Mizingani lilinunuliwa kwa fedha za sadaka ya Haji Nasser Nurmohamed, Khoja wa Ithnaashari, na hapo ndipo lilipopata kazi yake. Chini pakafanywa dispensari ya sadaka, na ghorofa za juu zikagawanywa kuwa makao. Tazama maajabu ya Mungu: jengo lililoanzwa na Mwismailia likaja likatimiza nia yake mikononi mwa Maithnaashari, hali ya kuwa jamaa hao wawili walikuwa wameachana katika karne hiyohiyo ya 19, na kuachana kwao hakukuwa kwa maneno laini. Na mgonjwa, je, aliyekuja na mtoto mwenye homa mgongoni, aliuliza habari za mafarakano hayo? Alikuja kutaka dawa. Kwa hiyo mpaka leo watu wakaliita jumba hili Dispensari, na jina la aliyeweka jiwe la msingi likabaki kwa wasomaji wa vitabu.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 dispensari ilifungwa, jengo likaingia mikononi mwa serikali, na miaka ikapita bila ya kutengenezwa. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Nyumba ya namna hiyo haitaki mengi, lakini inataka kila mwaka. Paa likivuja msimu mmoja, maji huingia ukutani, chokaa ikalainika, ncha ya boriti iliyomo ndani ya ukuta ikaanza kuoza, na wewe uliyelala chini yake huna habari. Wako waliotaka kuziokoa nyumba hizi kwa kuzipiga saruji, wakazidi kuziharibu, kwani saruji huufunga ukuta usipumue, na unyevu uliomo ndani hukosa pa kutokea. Chokaa hupumua pamoja na jiwe. Fundi mmoja mzee aliniambia kuwa chokaa ina subira na saruji haina, nikamwambia kuwa hata wanadamu wako wa namna hizo mbili.

Katika miaka ya 1990 taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ililichukua jumba hili na kulitengeneza upya, roshani kwa roshani, likawa kituo cha utamaduni cha Mji Mkongwe. Aga Khan ni imamu wa Maismailia, yaani jumba limezunguka karne nzima likarudi kwa jamaa wa aliyeliweka jiwe lake la kwanza. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote ukatiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Ama nyumba za maonyesho si kitu kigeni kwetu. Beit el Amani, lile jengo lenye kuba karibu na Mnazi Mmoja, lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1925 kwa ukumbusho wa amani baada ya vita vya 1914 mpaka 1918. Mombasa, ngome ya Wareno iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593 na kugeuzwa jela na Waingereza, ilikuja kufunguliwa kuwa makumbusho. Lamu nao wana yao, na ndani yake mna siwa, lile la pembe la Pate na lile la shaba la Lamu. Na Beit el Ajaib yenyewe, iliyojengwa mwaka 1883, ilifanywa makumbusho, kisha tarehe 25 Disemba 2020 upande wake mmoja ukaporomoka wakafa watu wawili. Mungu awarehemu. Basi hata nyumba iliyowekewa kuta za kuonyesha mambo ya kale yataka mtu wa kuitazama paa lake.

Siku moja nilimchukua mjukuu wangu, mtoto wa miaka tisa, nikamtembeza Dispensari. Tulitazama ngazi, tukatazama nakshi, tukasoma maelezo ya namna jengo lilivyotengenezwa. Mtoto alitulia kwa muda, kisha akaniuliza:

"Babu, wagonjwa wako wapi?"

Nikamwambia, "Wagonjwa walikuwa zamani, mwanangu."

Akasema, "Najua. Lakini picha zao ziko wapi? Mbona hawapo?"

Nilikosa jawabu. Siku tuliyokwenda sisi kweli sikuona uso wa mgonjwa hata mmoja. Nilirudi nyumbani nimeudhika, nikasema huu ndio ubaya wa maonyesho yetu, yanaonyesha mlango na kumsahau aliyeubisha.

Lakini mwezi wa Ramadhani uliofuata yalinifika mengine. Jumuiya moja, ambayo sitaitaja jina, ilileta mtaani petu unga, sukari, tende na mafuta vya kugawia wasiojiweza, na mimi nilikuwa miongoni mwa wazee walioalikwa kusimama nyuma ya magunia. Watu walipangwa msitari. Kila mtu alipofika mbele alishika upande mmoja wa mfuko, nasi tukashika upande wa pili, na kijana wa jumuiya akapiga picha kwa simu yake, kwani wafadhili, alisema, wataka kuona. Akafika jirani yangu, mwanamke mjane ambaye mumewe tulikuwa tukisali naye safu moja. Aliitazama ile simu. Akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo, mzee," akateremsha ushungi usoni, akapita, mikono mitupu. Mfuko nikabaki nao mimi.

Wallahi usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka kuwa katika Suratul Baqara Mola wetu hakukataza sadaka ya dhahiri, bali ameisifu, lakini ameipa ubora zaidi ile inayofichwa ikafika kwa mafakiri. Mfadhili ana haki ya kujua kuwa amana yake imefika, na karatasi yenye hesabu na saini za wazee watatu yatosha kwa hilo. Uso wa mjane si risiti. Na hapo nikalirejea swali la mjukuu wangu nikaligeuza upande mwingine. Zile nyuso ambazo sikuziona Mizingani, labda ni heri hazikuwako. Labda mama aliyepita mlango ule mwaka 1930 na mtoto mgongoni hakutaka mjukuu wa mtu amtazame ukutani leo. Hata hivyo bado natamani patajwe pale, kwa maandishi makubwa, kwamba walikuja, na kwamba jumba liliishi kwa ajili yao. Mambo mawili haya sijaweza kuyapatanisha vizuri, nami nakuachia na wewe uyafikirie.

Ramadhani hii tuliyoimaliza, wazee wa mtaa tulikusanya wenyewe, kila nyumba kwa kadiri yake, tukaandika hesabu katika daftari, na vitu tukavigawa baada ya tarawehe, njia zikiwa kiza. Mfuko wa jirani yangu nilimpa mjukuu wangu aupeleke. Nilisimama pembeni mwa kichochoro nikamtazama. Aliuweka kizingitini, akabisha hodi mara moja, akarudi mbio kabla mlango haujafunguliwa.