Meli Iliyopakwa Grisi

Wagogo husimulia kwamba jina la Dodoma latoka katika neno idodomya, maana yake "imezama", kwa ajili ya ndovu aliyezama matopeni mahali hapo. Kwa reli ipitayo mji huo vilichukuliwa vipande vya meli Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kutiwa makashani. Huko Kigoma ikaungwa tena, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Julai 1916 Wadachi, walipolazimika kuuacha mji, waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Wabelgiji waliiibua, tufani ikaizamisha tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, na mitambo ikaonekana ingali inafaa kutengenezwa. Mimi naona sifa ya kwanza ni ya wale walioizamisha, ijapokuwa hawakukusudia kumwekea adui chombo. Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ndilo jina la ziwa alilolisikia Livingstone upande wa kusini mwaka 1867.