Moto Unaochagua

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: MOLEKULI na LEZA.

Mtu akiota moto usiku, joto humfikia usoni ingawa hakuugusa moto. Linaloletwa ni miali isiyoonekana, iitwayo infraredi. William Herschel aliigundua Uingereza mwaka 1800. Aliupitisha mwanga wa jua katika kioo ukagawanyika rangi rangi, akaweka kipimajoto kando ya nyekundu, mahali pasipo na rangi yo yote. Kipimo kikapanda!

Moto hubadili vitu. Yapata miaka 2,000 iliyopita wahunzi wa Buhaya, kaskazini ya Ngara na Biharamulo, walikuwa wakitoa chuma katika mawe. Katika miaka ya 1970 wazee wa huko walijenga tena tanuri la namna hiyo, wakawaonyesha wataalamu. Lakini moto wa tanuri hauchagui: hupasha jiwe, makaa na udongo, vyote pamoja.

Je, yaweza kupatikana moto unaochagua? Molekuli ni atomu zilizofungamana, nazo hutikisika daima, kila molekuli kwa mwendo wake. Ni kama mtoto katika bembea: ukimsukuma kwa wakati wake atapanda juu, ukikosea hapandi. Mwaka 1960 Theodore Maiman alitengeneza leza ya kwanza, yaani taa itoayo mwanga wa mwendo mmoja tu. Mwaka 1964 Kumar Patel akatengeneza leza ya infraredi yenye nguvu, kwa kutumia kaboni dayoksidi, hewa ile ile tuitoayo puani.

Basi karibu na Moscow, mwaka 1974 na 1975, Letokhov na Ambartzumian na wenzao walichukua hewa yenye salfa. Katika kila atomu 100 za salfa, 95 hivi zina uzito wa 32, na 4 hivi uzito wa 34. Atomu nzito hutikisika polepole zaidi. Walilinganisha leza na mwendo wa aina moja. Molekuli za aina hiyo zikavunjika, za aina nyingine zikabaki nzima. Tanuri haliwezi kazi hiyo.

Wengine walitamani zaidi: kukata kifungo kimoja tu ndani ya molekuli, kile wakitakacho wao. Hapo mara nyingi walishindwa. Nguvu iliyoingia husambaa molekuli nzima upesi mno, na kinachokatika ni kifungo kilicho dhaifu, kama ambavyo kingekatika jikoni. Leza ikawa moto tu, tena wa gharama kubwa.

Lakini serikali kubwa zilivutwa na lile la kwanza, kwa sababu ya urani. Katika atomu 1,000 za urani, 7 tu ni za uzito wa 235, nazo ndizo zitakiwazo kwa umeme na kwa bomu pia. Urani imo hata katika ardhi ya Tanzania, huko Namtumbo.

Sasa zungumzeni darasani: kwa nini tanuri la Buhaya lisingeweza kutenga salfa ya 34?